Printa Haijafa, Imekatazwa

Kuna sentensi ambayo ofisini hutamkwa kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya kifo: "Mashine za siku hizi hazitengenezeki. Nunueni nyingine." Huitamka mhasibu, huitamka kijana wa TEHAMA, na siku hizi hata mhudumu wa chai huitamka akipita na birika, maana ameisikia mpaka imemkaa. Ikishatamkwa, kikao kimekwisha. Printa iliyochapa barua za likizo juzi hubebwa hadi chini ya ngazi na kupandishwa juu ya zile zilizoitangulia, na dokezo la kuomba mpya huandaliwa. Dokezo lenyewe halichapwi, kwa sababu printa imekufa.

Tuwatendee haki, kwa kuwa hawasemi upuuzi. Printa ndogo ya leza bei yake dukani haiko mbali na bei ya tona zake mbili halisi. Fundi anataka pesa ya kuifungua kabla hajajua inaumwa nini. Spea ama haipo, ama imechomolewa kwenye marehemu mwingine, na hakuna atakayeapa kwamba itafika mwezi ujao. Mashine mpya ina waranti, ina kasi, inaongea na simu bila waya. Na yule ofisa aliyekunja mikono akisubiri kopi, mshahara wake unaendelea kuhesabika. Jumlisha hayo, wanasema, utaona kwamba kutengeneza ni kung'ang'ania vya zamani, na kununua ndiyo hesabu.

Mashine za kuzikwa zipo. Iliyopigwa na radi, iliyomwagiwa soda mpaka ikapiga shoti, hizo tuziage. Ninachopinga ni hilo neno "hazitengenezeki", linalosemwa kana kwamba ni tabia ya plastiki yenyewe. Ni uamuzi. Kuna watu walioufanya, mbali na hapa, nasi tunautangaza kwa niaba yao bila hata posho ya kikao.

1. Imekufa kwa ugonjwa gani?

Swali hili haliulizwi kabla ya mazishi. Ndani ya printa ya leza hakuna uchawi. Kuna mpira unaovuta karatasi kutoka kwenye trei, kuna ngoma inayopokea picha kwa mwanga wa leza, kuna unga wa tona, ambao kwa sehemu kubwa ni plastiki iliyosagwa, na kuna sehemu ya joto inayokaribia nyuzi 200 ili unga huo uyeyuke na kushika karatasi. Kinachochoka mapema ni mpira. Unajaa vumbi, unateleza, na mashine inatangaza kwamba trei haina karatasi huku karatasi zimejaa hadi shingoni. Dawa ni kitambaa chenye unyevunyevu. Ukigoma, unawekwa mpira mwingine, ambao fundi wa Kariakoo anao kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na skrubu. Nathubutu kusema kwamba waliolala chini ya ngazi, wengi wao walikufa kwa kukosa kitambaa.

Hayo ndiyo maradhi. Sasa tuje kwenye vifo vya kuamriwa, maana hapo ndipo sentensi yao inapovunjika mguu.

Tarehe 13 Septemba 2016, printa za wino za HP aina ya OfficeJet katika nchi mbalimbali zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine. Siku iliyotangulia zilikuwa zikizikubali. Hakuna kilichovunjika, programu iliyomo ndani ya mashine ilikuwa imewekewa siku ya kuamka. Kelele zilipozidi, kampuni iliomba radhi kwa jinsi ilivyowasiliana na wateja, ikatoa programu nyingine ya kuondoa kizuizi, na baadaye, huko Marekani, ikakubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza kesi. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia nayo ikaitoza faini ya euro milioni 10. Utetezi wa HP ni kwamba inalinda ubora na usalama wa mteja. Na iwe hivyo. Lakini mteja aliyelindwa kiasi hicho anabaki na mashine nzima, katriji iliyojaa, na ukurasa usiochapika. Kijana wa TEHAMA akiitazama, anasema imekufa.

Kifo cha pili cha kuamriwa ni cha hesabu. Printa ya wino hujisafisha vichwa vyake kwa kumwaga wino, na wino huo hunyonywa na pedi iliyo tumboni mwake. Printa nyingi za Epson hazina jicho la kuona kama pedi imelowa. Huhesabu tu mara zilizojisafisha, na hesabu ikifika namba iliyopangwa, zinasimama. Pedi ni kipande cha kitu laini kinachooshwa au kubadilishwa. Hesabu hurudishwa sifuri kwa programu, na Epson yenyewe iliwahi kuwapa watumiaji wa Marekani programu ya kuirudisha mara moja. Huku kwetu mafundi hununua namba za kuifungua mtandaoni, hukaa dakika chache, na marehemu anaanza kuchapa. Ofisi ambayo haimjui fundi huyo hununua nyingine.

Kisha kuna kisa cha Canon, ambacho ningependa kichapwe na kubandikwa kwenye mlango wa kila idara ya ununuzi, printa ikipatikana. Mapema mwaka 2022 dunia ilikuwa na uhaba wa chipu. Canon haikupata chipu za kutosha za kuweka kwenye tona za mashine zake za ofisini, ikalazimika kuuza tona zisizo nazo. Mashine, kwa uaminifu wake, zikazikataa tona za mama yao zikidhani ni feki. Canon ya Ujerumani ikatoa maelekezo kwa wateja: onyo likitokea, bonyezeni kitufe cha kufunga, endeleeni. Ubora wa uchapaji, ikaeleza, hauathiriki. Huenda tu mashine isijue tona imebaki kiasi gani. Ile chipu ambayo miaka yote tumeambiwa ni moyo wa mambo iliondolewa, na mgonjwa hakuhisi chochote.

Na kama hujashiba, tazama karatasi. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Wamarekani wanatumia Letter, 216 kwa 279. Mfadhili akituma fomu kutoka Washington, faili linakuja na kipimo chake, na printa ya Dodoma inasimama kuomba karatasi ambayo hakuna duka la vifaa vya ofisi mtaani linaloiuza. Taa inawaka, foleni inajaa, watu wanachomoa waya. Wamarekani wenyewe walikwisha kuucheka ujumbe wa aina hiyo katika filamu ya Office Space ya mwaka 1999, ambamo printa inapelekwa uwanjani na kupigwa kwa gongo la besiboli. Sisi tumeuchukua kwa uzito zaidi: tunaufungulia zabuni.

2. Eti mpya ni nafuu

Hii ndiyo hoja wanayoipenda, na ndiyo iliyowapotosha zaidi. Printa mpya, wanasema, inakuja na tona yake ndani, kwa hiyo ni sawa na kununua tona na kupewa mashine. Wasichosoma ni maandishi madogo ubavuni mwa boksi. Tona inayokuja na printa mpya mara nyingi ni ya kuanzia, yenye unga pungufu kuliko ile inayouzwa peke yake. Tena hata namba ya kurasa inayotajwa kwa tona kamili hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19752, kwa ukurasa ambao wino wake unafunika takriban asilimia 5 tu. Barua ya idara yetu ina nembo juu, mstari mzito, jedwali lenye vivuli, na picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Hiyo si asilimia 5. Hizo kurasa 1,500 za kwenye boksi ni za barua ya mtu asiyekuwa na mengi ya kusema.

Printa inauzwa rahisi kwa sababu pesa haiko kwenye printa. Ni jiko unalopewa kwa bei ya kutupa kwa sharti kwamba mkaa utaununua kwa mwenye jiko, milele, kwa bei yake. Wenyewe hawafichi. Januari 2024, Enrique Lores, wakati huo mkuu wa HP, aliiambia televisheni ya CNBC kwamba kila mteja anayenunua printa ni uwekezaji wa kampuni, na asipochapa vya kutosha au asipotumia wino wao, ni uwekezaji mbaya. Sisi tulidhani tumewekeza kwenye mashine. Kumbe mashine ndiyo iliyowekeza kwetu, na inatukagua.

Kwa hiyo mtu anayesema "nunua mpya, ni nafuu" amelinganisha bei ya fundi na bei ya mlango wa kuingilia. Bei ya kukaa ndani hajaigusa. Wala hajahesabu kwamba modeli mpya haipokei tona za modeli ya zamani, na kwamba zile sita zilizonunuliwa mwishoni mwa mwaka wa fedha ili bajeti isirudi Hazina sasa ni mapambo ya stoo.

3. Eti tatizo ni vumbi letu na umeme wetu

Kweli vumbi lipo, na umeme wetu una tabia zake. Lakini hii ni hoja ya ajabu kwa mtu anayetaka kununua nyingine, kwa sababu hiyo nyingine haitakaa Uswisi. Miongozo ya printa nyingi ndogo za leza hutaja joto la kufanyia kazi lisilozidi nyuzi 32 hivi. Dar es Salaam mwezi Februari, saa nane mchana, kiyoyozi kimezimwa kwa waraka wa kubana matumizi, tuko hapo au tumepita. Karatasi nayo inanyonya unyevu wa bahari, inajikunja, inakwama. Aliyeleta mashine hiyo sokoni kwetu alijua anaileta wapi. Hakusema, na sisi hatukuuliza. Tuliuliza kama ina Wi-Fi.

4. Eti mafundi wetu ni kanjanja

Wako kanjanja, kama walivyoko wahasibu kanjanja, na hakuna aliyependekeza tuache kuwa na wahasibu. Ila tutazame fundi anafanya kazi katika mazingira gani.

Hana mchoro wa mashine, maana haumfikii. Programu ya kupima ugonjwa hupewa mawakala walioidhinishwa peke yao. Spea nazo huuzwa kwa mafungu: ukitaka gia moja ya plastiki unalazimishwa kununua mkusanyiko mzima wa sehemu ya joto. Halafu mtu huyo, aliyenyimwa kila kitu isipokuwa bisibisi, akichukua wiki kuigundua shida, tunasema hana elimu. Nenda Luthuli Avenue jijini Nairobi au mitaa ya Kariakoo uwaangalie wakifanya kazi chini ya taa ya mezani, mmoja anashika kifaa na mwenzake anatazama video ya fundi wa nchi nyingine aliyejifunza kwa kubahatisha vilevile.

Kunyimwa huku hakukuanzia kwetu. Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya MIT huko Marekani ilipewa printa kubwa ya Xerox. Ilikuwa ikikwama karatasi. Kijana mmoja, Richard Stallman, alikuwa amekwisha kuirekebisha programu ya printa iliyotangulia ili ikikwama iwatumie ujumbe wanaosubiri, nao waende kuikwamua. Akataka kufanya hivyo tena. Hii mpya ilikuja bila msimbo wa programu yake. Akamfuata mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akaambiwa hapana, nimeahidi kutompa mtu. Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, na huko ndiko liliko chimbuko la programu huria zinazoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia leo. Kwa hiyo, kijana wa TEHAMA ukisimama mbele ya printa iliyokwama na kunyanyua mabega, ujue kuna mwenzako aliyepandwa na hasira mahali hapo hapo, na hakuagiza nyingine.

Sasa nije kwenye kikwazo ambacho hakuna mtu anayekisema kikaoni, ingawa kila mtu anakijua. Fundi huyu, hata akiwa bingwa, ofisi haiwezi kumlipa. Tangu mashine za risiti za kodi, EFD, zianze kutumika nchini Tanzania mwaka 2010, malipo yasiyo na risiti yake ni kitendawili kwa mhasibu na karamu kwa mkaguzi. Fundi mwenye meza ya mbao chini ya ngazi za jengo la mtu hana EFD. Ana kitabu cha risiti cha kuandika kwa mkono na namba ya simu ya kupokelea pesa. Muuzaji wa printa mpya anayo EFD, ana namba ya mlipakodi, ana proforma yenye rangi tatu, na anaweza kutafuta proforma nyingine mbili za kushindwa. Kwa hiyo matengenezo ya pesa kidogo yanahitaji ujasiri, na ununuzi wa pesa nyingi unahitaji sahihi tu. Halafu tunaambiwa sababu ni teknolojia! Sababu iko kwenye faili la malipo, ukurasa wa pili.

(Risiti yenyewe ya EFD huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, na baada ya miezi kadhaa kwenye jalada maandishi yake hufifia mpaka karatasi inabaki nyeupe. Mkaguzi akija, ushahidi wa ununuzi umeshatoweka. Printa ya ziada, hata hivyo, bado ipo chini ya ngazi.)

5. Eti teknolojia haisubiri

Kompyuta nazo zina hati zao za kifo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Anayetaka Windows 11 anadaiwa awe na chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni ya kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta iliyonunuliwa 2016, yenye afya, inayowaka kila asubuhi kabla ya mwenyewe kufika, imepewa barua. Haijapunguza kasi wala haijasahau herufi. Mihtasari ya vikao inayoandikwa juu yake haijaongezeka uzito. Linux ingeiingia vizuri na kuiendesha kwa miaka kadhaa zaidi. Lakini kulipendekeza hilo kikaoni ni kujiombea sura ya mtu aliyependekeza warudi kwenye taipureta.

Zamani ukitaka kuiongezea kompyuta kumbukumbu ulifungua mfuniko, ukachomeka kipande, ukafunga. Katika laptopu nyingi nyembamba za leo kipande hicho kimelehemiwa kwenye bodi. Wembamba, wanajibu. Sijawahi kusikia ofisa yeyote akilalamika kwamba laptopu ya ofisi ni nene, na hiyo laptopu hukaa juu ya meza hiyo hiyo mwaka mzima, ikiwa imeinuliwa kwa marundo mawili ya karatasi za A4 ili shingo isiume.

Ufaransa, tangu Januari 2021, laptopu huuzwa na alama ya kutengenezeka, kutoka 0 hadi 10, ikizingatia kama miongozo ipo, kama inafunguka, kama spea zinapatikana na kwa bei gani. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha maelekezo ya haki ya kutengenezewa kwa bidhaa kadhaa. Printa hazikuwamo katika orodha ya mwanzo, jambo ambalo wahandisi wa printa bila shaka walilipokea kwa ujasiri. Lakini kitu kikiweza kupewa alama kwa kumi, kikapata nane kwa mtengenezaji huyu na nne kwa yule, maneno ya kwamba "mashine za siku hizi hazitengenezeki" yamekwisha. Baadhi zimefanywa hivyo. Aliyepata nne alijua anachofanya.

6. Eti waranti

Waranti ya mwaka mmoja, ambayo kituo chake cha huduma kiko Dubai, na ambayo inabatilika ukikibandua kile kibandiko kidogo juu ya skrubu. Mwezi Aprili 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliyaonya makampuni sita kuhusu masharti ya aina hiyo, kwamba kumtisha mteja asiende kwa fundi mwingine kunaweza kuwa kinyume cha sheria yao ya waranti ya mwaka 1975. Kwetu kibandiko kinaheshimiwa kuliko muhuri wa mahakama. Tuendelee.

7. "Tupa." Nani ametupa?

Wale wanaosema "tupa, nunua" wana kasoro moja ndogo: hawajawahi kutupa. Mali ya umma haitupwi. Imesajiliwa, ina namba iliyoandikwa kwa rangi ubavuni, na kuiondoa kwenye daftari kunataka kamati, tathmini, kibali na mnada. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwetu ina daftari, kwa hiyo haipotei hata ikiombwa. Ndiyo maana stoo zimejaa, korido zimejaa, na choo cha wageni cha ghorofa ya pili kimefungwa tangu kilipogeuzwa makazi ya mashine ya fotokopi yenye ukubwa wa jeneza. Kila mwaka mtu hulipwa posho kuzihesabu. Zipo zote.

Na zikitoka siku moja, zinakwenda wapi? Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki ya mwaka 2024 inasema mwaka 2022 ulizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3. Hesabu yao ya "mpya ni nafuu" haina mstari wa hiyo sehemu iliyobaki. Anaulipa kijana anayechoma nyaya dampo ili apate shaba, na yeye hakualikwa kwenye kikao cha bajeti.

Basi kikao kijacho cha zabuni, kabla ya swali la Wi-Fi, muuzaji aulizwe haya: mpira wa kuvuta karatasi unauzwa peke yake, na ni shilingi ngapi? Tona ya pili, si hii ya kuanzia, bei yake ni ipi kwa maandishi? Nikiweka tona isiyo yenu, mashine itafanya nini leo, na itafanya nini baada ya kujisasisha usiku? Hesabu ya pedi ikijaa, nani ana namba ya kuirudisha, na anakaa mji gani? Na mhasibu atengeneze utaratibu wa kumlipa fundi wa mtaani bila yeyote kati yao kuhofia kulala ndani. Muuzaji atakayeanza kujibu kwa kusifu rangi ya boksi atolewe mapema. Sambusa zitatosha kwa waliobaki.